Ribeauvillé: upite mizabibuni au msituni?

Ukifika mji huu mdogo wa mvinyo huko Alsace, Ufaransa, njia ya mizabibuni kwenda kijiji cha Hunawihr ni nyepesi, hata mtoto ataimudu. Kanisa la Hunawihr, lililozungushiwa ukuta wa ngome pamoja na makaburi yake, unaliona toka mbali juu ya safu za mizabibu. Ila kivuli hakuna, na jua la Agosti linaunguza kisogo.

Njia ya msituni inapanda hadi magofu ya ngome tatu: Saint-Ulrich, Girsberg na Haut-Ribeaupierre, iliyo zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari. Utahema kwelikweli. Lakini simama kwenye dirisha la matao pale Saint-Ulrich: mapaa ya mji, mizabibu, kisha uwanda wa Rhine, vyote chini yako. Kiangazi nachagua msitu. Mizabibu naiwekea Oktoba, majani yakishageuka rangi ya dhahabu.