Chuo cha kanisa au cha serikali: wazazi wa Bukavu wanaponiuliza

Matokeo ya diplome, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yakitoka, swali ni lilelile. Kwa minervali, yaani ada ya masomo, mara nyingi serikali ndiyo nafuu. Lakini hesabu miezi pia! Mdogo wangu, akisoma chuo cha serikali mji mwingine, alikaa bila masomo wakati maprofesa wamegoma, na kodi ya chumba tukailipa vilevile.

Kwenye chuo cha kanisa nilikosoma mimi, kalenda ilifuatwa. Ila siku ya mtihani, msimamizi alisimama mlangoni na orodha; rafiki yangu aliyebakiza awamu ya mwisho ya minervali alirudishwa, kalamu mkononi. Sikulisahau lile. Ibada ilikuwa lazima. Mimi ilinituliza, wengine iliwachosha.

Vitabu na maabara, nenda ukajionee.

Anayetaka udaktari aangalie hospitali kwanza: wanafunzi wa UEA, chuo cha Kiprotestanti, hufanya mazoezi hospitali ya Panzi, aliyoianzisha Daktari Mukwege. Hilo ni kubwa sana.

Mama muuza samaki wa Kadutu, hapa Bukavu, mwenye pesa za kurukaruka, ningemwelekeza kwanza UOB, chuo kikuu cha serikali cha Bukavu. Mwenye mshahara wa kila mwezi na haraka ya kumaliza, aulize chuo cha kanisa kama wanapokea malipo kwa awamu.