Kidude cha USB cha kuhamishia kanda za tamasha: kinapofaa na kinapoharibu

Kanda ya tamasha la wazi ni ngumu kuhamishia kwenye kompyuta kuliko kanda ya harusi. Kamera ilishikwa mkononi katikati ya umati, taa za jukwaa zinawaka na kuzimika, besi inagonga maikrofoni, upepo unavuma, na vumbi limeingia hadi ndani ya kaseti. Kila kimoja kati ya hivyo hukisumbua kile kidude cha bei nafuu chenye plagi ya USB upande mmoja na, upande wa pili, matundu ya njano, nyeupe na nyekundu pamoja na tundu la mviringo la S-Video. Wengi hukinunua wakiamini kazi itaisha jioni moja.

Uamuzi wetu ni huu: kwa kanda za analogi za Video8, Hi8 na VHS kinatosha, mradi kilishwe mawimbi yaliyotulia. Kwa MiniDV kisitumike kabisa.

Tuanze na MiniDV, maana kosa lake ni la bure. Picha kwenye kanda hiyo tayari ni ya kidijitali, megabiti 25 kwa sekunde. Ukiipitisha kwenye waya wa njano unaigeuza kuwa analogi, kisha kidude kinaigeuza tena kuwa dijitali, na kila mgeuzo unakula kitu. Njia sahihi ni waya wa FireWire kutoka kwenye kamera hadi kompyuta yenye tundu hilo au kadi yake. Saa moja huchukua takriban GB 13, na unachopata ndicho kilichomo kwenye kanda. Tundu la USB lililo kwenye kamera nyingi za MiniDV lisikudanganye. Kwa kawaida ni la picha za mnato au video hafifu.

Kwa kanda za analogi, udhaifu mkubwa wa kidude ni wakati. Kanda ya zamani imevutika hapa na kulegea pale, hivyo mistari ya picha hufika ikiwa imewahi au imechelewa kidogo. Televisheni ya kioo kinene ilivumilia hali hiyo. Kidude hakivumilii: kikipoteza mwanzo wa fremu, yaani picha moja kati ya zinazounda video, hukiacha kipande hicho cha picha kipotee huku sauti ikiendelea. Mwishowe unaona fimbo imeshagusa ngoma na mlio unafuata nyuma. Kwenye hotuba mtu anaweza asilione. Kwenye muziki linakera tangu wimbo wa kwanza.

Dawa ni kuweka kitulizi katikati. Baadhi ya kamera za Hi8 na Digital8 zina kirekebisha wakati ndani yake, kinachoandikwa TBC kwenye menyu, kiwashe. Jirani yake huwa kuna DNR, kipunguza chembechembe. Hicho tunashauri kizimwe kwa kanda za umati, kwa sababu mikono inayopungwa huacha vivuli nyuma yake. Usipokuwa na kamera ya namna hiyo, pitisha mawimbi kwenye kirekodi cha DVD: deki (mashine ya kucheza kanda) iingie kwenye kirekodi, kirekodi kitoke kwenye kidude, bila kurekodi diski yoyote. Si virekodi vyote vinavyotuliza picha, kwa hiyo jaribu dakika kumi kwanza, ukiangalia kama idadi ya fremu zilizopotea inabaki sifuri. Inapowezekana, cheza kanda kwenye kamera ileile iliyoirekodi, hasa kama ilirekodiwa kwa mwendo wa polepole wa LP. Watu walipenda LP kwenye matamasha ili kanda isiishe kabla ya msanii mkubwa kupanda, na ndiyo inayogoma zaidi kusomeka kwenye mashine nyingine.

Waya nao una neno. Ule wa njano huchanganya mwanga na rangi, ndiyo maana vyuma vilivyosukwa juu ya jukwaa hutoa rangi za upinde wa mvua zisizokuwepo. Kamera ya Hi8 ina S-Video. Itumie, na sauti ibaki kwenye nyeupe na nyekundu.

Kabla ya kubonyeza chochote, tazama kaseti kwenye kidirisha chake. Unga mweupe kwenye kingo za utepe ni kuvu, na kanda hiyo haiingii kwenye mashine, itachafua vichwa vinavyosoma utepe na kuambukiza kanda zinazofuata. Mpelekee fundi wa kanda. Iliyo safi ikae chumbani siku nzima, isogezwe hadi mwisho na kurudishwa mara moja ili utepe ujipange. Zuia kurekodi kwa kile kipande kidogo cha plastiki kilicho ubavuni mwa kaseti. Vichwa visafishwe kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 na kitambaa kisichotoa nyuzi, ukizungusha ngoma ya vichwa taratibu huku kitambaa kimetulia. Usisugue juu na chini, kichwa kitavunjika. Pamba ya masikioni haifai.

Programu inayokuja na kidude tungeiacha kwenye boksi. Mara nyingi hubana picha kuwa MPEG-2 papo hapo, na umati unaorukaruka chini ya taa zinazomulika ndiyo picha ngumu kuliko zote kubana. Nyuso hugeuka vipande vya mraba. Nasa kwa programu ya VirtualDub na kodeki (njia ya kubana video) isiyopoteza kitu, kama HuffYUV. Angalia kanda yako ni ya mfumo gani wa televisheni: kwa PAL chagua 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. Kwa NTSC 720 kwa 480, fremu 29.97. Tenga GB 30 hadi 40 kwa saa. Chomeka kidude moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye kigawanyi cha USB, na nasa vipande vya dakika 20 ili kosa la wakati lisirundikane.

Sauti ipimwe na sehemu yenye kelele kuliko zote. Kilele kisivuke desibeli −6. Mkwaruzo uliomo kwenye kanda kwa sababu maikrofoni ilizidiwa na spika hautoki tena, lakini wa pili unaoongezwa na kidude unazuilika. Baadhi ya vidude hunasa chaneli moja tu ingawa vina matundu mawili: chomoa nyeupe, sikiliza, kisha nyekundu.

Faili hilo la kwanza usiliguse. Nakala ya kutazama ndiyo iondolewe mistari ya meno ya chanuo inayoonekana kwenye vitu vinavyosogea, na hapo PAL iende fremu 50 kwa sekunde badala ya 25, la sivyo mawimbi ya mikono yatakatikakatika. Uwiano wa upana na urefu wa picha ubaki 4:3. Punguza mngurumo wa upepo chini ya hezi 80, ila sikiliza kwanza kama hujaondoa besi ya bendi yenyewe. Na kile kimya kati ya nyimbo, watu wakiitana na wengine wakiimba kiitikio kabla bendi haijaanza, kisikatwe. Rekodi rasmi za jukwaani mara nyingi huchukuliwa kwenye mikisa (meza ya kuchanganyia sauti), na sauti hizo hazimo.