Uzoefu wangu: baraza juu ya basi, na fundi aliyeniambia basi linatoa jasho

Jasho halina rangi ya chai. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililoniamsha usiku, na ndilo ambalo fundi wangu hataki kulisikia mpaka leo. Tone la kwanza lilinidondokea shavuni, la pili kwenye mto. Nilipowasha tochi ya simu nikaona doa la kahawia kwenye foronya nyeupe, kama mtu kamwaga chai ya rangi. Nje mvua inapiga. Juu yangu dari ya mbao, niliyoipaka vanishi kwa mikono yangu mwenyewe, imeanza kuvimba.

Nieleze kidogo. Mimi na mume wangu tunaishi Phoenix, Arizona, na tulinunua basi la shule lililostaafu, yale ya njano ya Kimarekani, tukaligeuza nyumba ya kusafiria. Habari za injini na idadi ya viti siandiki, zimejaa kila mahali. Kazi ya ndani tuliifanya wenyewe, mwaka na ushee, wikendi kwa wikendi. Tukalipaka rangi nyeupe, maana majimbo mengi hayataki basi la mtu binafsi litembee na njano ile. Tangu mkutano wa mabasi ya shule wa 1939 pale New York, ulioitishwa na profesa Frank Cyr wa Chuo Kikuu cha Columbia, njano ile ni ya kubebea watoto. Kitu kimoja tu tulimwachia fundi: baraza la juu ya paa.

Na baraza lilikuwa wazo langu, nakiri. Bibi yangu kule Chumbageni, Tanga, alikuwa na baraza la saruji mbele ya nyumba. Posa zilipokelewa pale, ugomvi wa mashamba ulimalizwa pale, na sisi watoto tulilala pale umeme ukikatika. Nikasema na mimi nataka langu, hata kama litakuwa juu ya magurudumu. Mume wangu akasema viti viwili vya kukunja chini ya mti vinatosha. Sikumsikiliza, na katika haya yote hilo silijutii.

Fundi nilielekezwa na watu wa nyumbani. Jina lake silitaji wala gereji yake siitaji, ila ni mtu wa Pwani, Kiswahili chake kimenyooka, na hicho ndicho kilichoniponza. Siku ya kwanza nilikuwa "dada yangu". "Dada yangu, wewe lete basi tu, mengine niachie mimi." Nikampa nusu ya pesa. Baada ya wiki nikawa "dada" peke yake. Alipomaliza na kudai nusu iliyobaki nikawa "mama". Na siku niliyolalamika nikawa "wewe mama". Umri wangu ni ule ule.

Sasa niwe mkweli: kwa macho, lile baraza ni zuri. Sisemi hivi kumtetea. Fremu ya chuma cha pembe, maungio yamepigwa grenda mpaka huoni palipochomelewa. Mbao zilizotiwa dawa, zimeachiwa nafasi za kupitisha maji. Ngazi ya nyuma haitikisiki. Reli za pembeni zinakunjwa zikalala, na hizo nilizipigania mwenyewe, kwa sababu mume wangu ana ugonjwa wa kutazama video za lile daraja la reli la Durham, North Carolina, linalochuna mapaa ya malori kama mtu anavyomenya ndizi. Kimo chake kilikuwa futi 11 na inchi 8, na mwaka 2019 wakalinyanyua likafika futi 12 na inchi 4. Basi letu pamoja na baraza, reli zikiwa zimelala, ni futi 11 na inchi 10. Yaani zamani tungeliacha baraza lote pale barabarani. Hatuna safari ya Durham, lakini ndani ya basi letu Durham inatajwa kuliko Tanga.

Safari ya kwanza tulikwenda jangwani nje ya Quartzsite, kwenye ardhi ya serikali ambako mtu anaegesha hadi siku 14 bila kulipa. Nilipanda juu na birika la kahawa ya tangawizi. Jua linazama, milima imekuwa ya zambarau, upepo umetulia, na kwa mara ya kwanza tangu nije nchi hii nilikaa nje jioni bila kuangalia saa. Tena chini ya baraza bati la paa lilikuwa na kivuli mchana kutwa, kwa hiyo ndani joto lilipungua kweli. Nikampigia fundi simu kumshukuru. Nilimshukuru! Nikamwombea dua!

Halafu ukaja msimu. Mvua za kiangazi za hapa wanaziita monsuni, neno ambalo ni ndugu wa damu wa "msimu" wetu, yote asili yake Kiarabu. Kwanza linakuja vumbi, ukuta mzima unatembea, ndipo maji yanamwagika kama mtu kapindua pipa. Usiku wa mvua ya pili ndio nikapata ile chai shavuni.

Asubuhi nikamtumia fundi picha. Akajibu kwa sauti, na sauti ile ninayo bado, naisikiliza nikitaka kupandisha presha: "Mama, basi ni chuma. Chuma kinatoa jasho. Nyinyi mnapika wali humo ndani, mvuke uende wapi? Punguzeni kupika."

Punguzeni kupika. Mvua imenyesha usiku kucha, foronya ina doa la tope, na mtu niliyemlipa ananiambia kosa ni la sufuria yangu. Mpunga wa wapi huo unaotoa mvuke wa kahawia?

Tukafungua mbao nne za dari. Mume wangu akapanda juu na mpira wa maji, mimi nikabaki ndani na tochi, tukaanza kumwagia guu moja la baraza baada ya jingine. La kwanza kavu. La pili kavu. La tatu, subiri kidogo, nikaona bolti inang'aa. Maji yakaishuka taratibu kama mchwa, yakakusanyika kwenye nati, yakaning'inia, kisha yakashika njia juu ya foamu tuliyojaza juu ya dari mpaka usawa wa mto wangu, karibu mita nzima kutoka tundu lilipo. Nilipiga kelele mume wangu akadhani nimeumia.

Kwa asiyejua: paa la basi la shule lina mbavu za chuma zinazokatiza kutoka upande mpaka upande. Bati lenyewe ni jembamba, kama milimita moja. Kitu kizito chochote unachokiweka juu kinatakiwa kukanyaga ubavu na bolti ipite kwenye ubavu, siyo kwenye bati tupu. Na huhitaji kufungua dari kujua ubavu uko wapi, kwa sababu kwa nje kila ubavu una mstari wake wa riveti. Unaonekana. Mtoto angeufuata kwa kidole. Fundi wangu aliigawa fremu yake sawasawa kwa futi, akatoboa pale futi iliposema. Alipima baraza, hakulipima basi. Miguu 12: saba ilibahatika, mitano ilikuwa imeshika bati tu, na kila tulipopita kwenye shimo barabarani bati lilikuwa linacheza na ile silikoni ya kuziba matundu inaachia.

Nikaenda gerejini mwenyewe. Nilimkuta amelala chini ya gari la mtu la kuuzia chakula, yanaonekana mabuti tu.

"Fundi, za kazi?"

"Nzuri, mama."

Nikasubiri atoke. Hakutoka.

"Nimekuja na picha. Bolti tano hazikushika ubavu."

"Ziache hapo mezani."

"Nataka uzione."

"Mama, silikoni nilipaka. Kila tundu."

"Silikoni imepasuka."

"Jua la hapa hilo. Jua sikuliumba mimi."

Dakika kumi nzima nilizungumza na soli za buti. La kushoto lilikuwa limekanyaga bazoka, ya waridi, imekauka. Ningeweza kulichora sasa hivi. Nilikuwa nimejipanga njia nzima, nimeandaa maneno, nimeandaa hata machozi ikibidi, lakini utamlilia nani, buti? Kisha mkono ukatoka chini ya gari, ukawa unapapasa sakafuni ukitafuta spana, unakosa, unapapasa tena. Na mimi, Mungu anisamehe, nikainama nikampa spana. "Ahsante, wewe mama," akasema. Mpaka leo nikikumbuka ile spana nakosa usingizi kuliko nilivyokosa kwa mvua.

Kazi aliirekebisha mzee mmoja wa Kimexico, jirani wa jirani yetu. Kiingereza chake na changu vyote vya kuombea maji, tukaelewana vizuri kabisa. Alipanda, akapitisha kiganja kwenye mistari ya riveti, akachora kwa chaki, akashuka. Miguu mitano akaihamishia kwenye mbavu, chini ya kila mmoja akaweka mpira mnene, kwenye bolti washa pana na ule utepe mweusi unaonata kama ulimbo. Matundu ya zamani akayaziba kwa vipande vya bati na riveti. Alinitoza nusu ya nilichomlipa yule mwingine. Lakini kabla hajaondoka akaigonga ile miguu saba, mmoja mmoja, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akanionyesha kwa vidole: hii saba usiiguse, imefungwa vizuri.

Hapo ndipo nilipokasirika upya. Kwa hiyo anajua! Mtu asiyejua ningemsamehe. Huyu anajua kufunga mguu ukafungika, ila mitano hakujisumbua.

Kwa hiyo hukumu yangu ilikuwa msimpelekee hata toroli. Nilishaiandika hivyo, na nikaongeza mengine ambayo mume wangu alinishauri niyafute. Halafu tukaenda Flagstaff.

Flagstaff iko juu, zaidi ya mita 2,000, na usiku wa baridi kule si mchezo. Tulifunga madirisha yote, nikapika wali wa nazi kwa makusudi kabisa, sufuria kubwa, kumkomoa mtu asiyekuwepo. Tukala, tukalala. Asubuhi nafungua macho, juu yangu, kwenye ubavu mmoja ambao hatukuufunika vizuri, matone yamejipanga kama shanga. Usiku ule haikunyesha hata tone. Niligusa nikaonja. Maji meupe, safi, hayana vumbi wala kutu. Foamu tuliijaza katikati ya mbavu, lakini chuma cha ubavu kinagusa bati la nje, baridi inapita humo humo, na pumzi zetu na mvuke wa wali zikikikuta zinageuka maji. Kwa hiyo basi lilikuwa linatoa jasho. Kweli kabisa. Mume wangu alinitazama, akaangalia sufuria, akanyamaza. Ni mtu mwenye busara.

Lakini ya monsuni hayakuwa jasho! Nashikilia hapo. Mtu hawezi kusema ukweli wa Januari kujitetea kwa kosa la Julai. Ila siwezi tena kusema alikuwa mwongo moja kwa moja, na hilo linaniuma zaidi.

Kwa mnaotaka kujenga: jengeni. Bima mtasumbuka, wa kwanza niliyempigia aliposikia kuna watu watakaa juu ya paa akaniaga kwa adabu na simu ikakatika. Lakini jengeni. Na kabla hamjatoa nusu ya pili ya pesa, pandisheni mpira wa maji juu, fungueni dari, kaeni chini na tochi. Fundi akinuna, anune mbele yenu, siyo akiwa chini ya gari.

Baraza lenyewe nalipa nyota tano. Fundi nilimpa moja, nikafanya mbili kwa ajili ya ile miguu saba, na nilipokuwa naandika sehemu ya spana nikarudisha moja. Sasa hivi sijui ni ngapi.

Maana juzi ameniandikia. Hakuwa ameniandikia tangu siku ya mabuti. "Dada yangu, habari za siku nyingi. Naomba picha ya lile baraza, ile mliyopiga jangwani, niweke statasi. Watu wanaulizia kazi zangu." Dada yangu! Nilimwonyesha mume wangu, akacheka mpaka akakaa chini. Nikatafuta picha ya ile bolti inayotiririka maji, nikaichagua, kidole kiko pale pale. Kisha nikatuma ya Quartzsite, ile yenye birika na milima. Kisha nikaifuta kabla hajaifungua. Leo asubuhi nimeituma tena.