Siku 13 zilizobaki: uzoefu wangu na msaada wa kisheria Iringa baada ya msimamizi kunitaka kimapenzi kazini

Nilikuwa karani wa stoo kwenye kiwanda cha kuchana mbao upande wa Mafinga, mwaka wa tatu huo, msimamizi wangu alipoanza kunitaka. Sitaeleza yote. Zilikuwa meseji za usiku na mkono begani nikiwa naandika hesabu, hadi siku moja akaniambia wazi kwamba mkataba wa kudumu uko mikononi mwake na mimi ni mtu mzima, najua cha kufanya. Nilikataa. Wiki mbili hazikupita nikatolewa ofisini, nikapelekwa yadi kupanga mbao, na posho yangu ya ofisi ikaondolewa.

Ninachotaka kueleza hapa ni huduma niliyopata kwenye kituo kimoja cha wasaidizi wa kisheria Iringa mjini. Jina silitaji kwa kuwa huku tunajuana, na aliyenihudumia akitambulika, na mimi nitatambulika.

Nilifika Jumanne asubuhi, Juni, baridi ile ya Iringa inayoingia mpaka kwenye mifupa. Kwa nilivyoona siku ile, kituo ni chumba kimoja chenye pazia katikati. Upande huu kuna benchi la wanaosubiri, upande ule kuna meza. Dada aliyekuwepo akanipokea kwa "kamwene, mdogo wangu, karibu ukae," akaniuliza shida yangu. Nikafungua mdomo, maneno hayakutoka. Nyuma ya pazia alikaa mzee mwenye kesi ya mpaka wa shamba, nasikia hata anavyokohoa. Kama mimi namsikia akikohoa, yeye atanisikia nikisema maneno niliyoambiwa na msimamizi. Nikaanza kusema nina tatizo la mshahara.

Dada akanitazama kidogo, akanisogezea karatasi na kalamu. "Andika. Chukua muda wako, sikuharakishi." Niliandika kurasa mbili na nusu huku machozi yakidondoka. Maelezo yale ndiyo tuliyoyatumia baadaye kujaza fomu. Namshukuru sana kwa kalamu ile. Hata hivyo lazima niseme ukweli: kituo kinachopokea watu wenye mambo kama yangu hakitakiwi kuwa na pazia. Mwingine angeishia kwenye tatizo la mshahara, akaaga, akaondoka.

Alipomaliza kusoma hakuniuliza nilikuwa nimevaa nini wala kwa nini nilijibu meseji ya kwanza. Aliuliza tarehe. Ulihamishwa lini? Nikamtajia. Akasimama kwenye kalenda ya ukutani, akahesabu kwa kidole, akarudia kuhesabu. "Leo ni siku ya 47. Zimebaki 13."

Sikujua kama kuna siku zinazohesabiwa. Nilidhani haki ipo tu, inakungoja hadi upate moyo. Akanieleza kwamba mgogoro wa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, na kwamba anayelalamikia kuachishwa kazi ana siku 30 tu, migogoro mingine siku 60. Ukichelewa unaweza kuomba uongezewe muda, ila ni lazima utoe sababu za msingi, na unaweza kukataliwa. Mimi nilikuwa nimepanga kuacha kazi Ijumaa hiyohiyo, bila hata barua. Akanizuia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatambua hata mtu aliyelazimika kuacha kazi kwa sababu mwajiri amefanya mazingira yasivumilike, lakini kuondoka kimyakimya bila kulalamika popote kungefanya jambo hilo liwe gumu kulithibitisha.

Akanionyesha njia zilizopo. Kifungu cha 7 cha sheria hiyo kinahesabu unyanyasaji kazini kuwa aina ya ubaguzi, na jinsia imo; hiyo ndiyo ya CMA. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 138D, inaufanya unyanyasaji wa kingono kuwa kosa la jinai, hata kwa maneno tu, na kifungo chake ni hadi miaka 5. Hilo ni la polisi, dawati la jinsia na watoto. Na ile ya mkataba kwa mwili inaitwa rushwa ya ngono, imo kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, inapelekwa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ambao simu yao 113 ni ya bure. Hakunichagulia. Nilichagua CMA kwa sababu nilitaka kazi yangu na posho yangu.

Meseji nyingi nilikuwa nimezifuta kwa aibu. Zilibaki saba. Nilidhani ni chache mno, yeye akasema zinatosha kuanzia, akanikataza kufuta hata moja ya kwangu niliyojibu.

Kituo kinafunguliwa Jumanne na Alhamisi tu, maana yake ndani ya siku zile 13 kingefunguliwa mara tatu. Hili liliniogopesha kuliko yote. Alhamisi tulijaza fomu namba 1 ya CMA. Jumatatu nikampelekea mwenye kiwanda nakala, mikono ikitetemeka, akasaini kuwa amepokea, kwa sababu bila uthibitisho huo fomu haipokelewi. Jumanne ikapokelewa. Siku ya 54.

Kituo hakikunidai hata shilingi. Nililipia nauli na fotokopi tu. Hawa si mawakili na hawawezi kukusimamia mahakamani, hilo waliniambia siku ya kwanza. Kwenye usuluhishi niliruhusiwa kwenda na mwakilishi niliyemchagua mwenyewe, nikamchagua dada yuleyule. Vikao vilikuwa viwili, vya faragha. Tulisaini makubaliano: nimerudi ofisini, posho imerudishwa, na msimamizi hayuko tena juu yangu. Mengine tulikubaliana yasisemwe, nami nayaheshimu.

Msimamizi bado anafanya kazi. Asubuhi tunapishana getini. Siku nyingine hilo linanikaa kifuani hadi jioni.

Ukienda kituo kama hiki beba mkataba, hati za mshahara, simu yenye meseji zenyewe, na tarehe ulizoandika. Fika kabla ya saa tatu asubuhi. Halafu omba chumba cha nyuma. Kwenye kituo hiki ni stoo ya mafaili, ina viti viwili na mlango unaofungwa. Mimi nilikijua safari ya tatu, nilipouliza.