Kontrola ya "MPPT" niliyouziwa Kariakoo: MPPT ni stika tu

Kama unakwenda Kariakoo kutafuta kontrola ya sola ya boti, kile kifaa cha kati ya sola na betri kinachosimamia chaji, nenda na bisibisi. Muuzaji akikataa usifungue mfuniko, toka.

Boti yangu iko Kilindoni, Mafia. Msimu wa papa potwe tunapeleka wageni, miezi mingine tunavua. Juu ya paa tumefunga sola ya wati 250, ile kubwa ya seli 60 ya kuweka juu ya nyumba. Sola hiyo inafanya kazi kwenye volti kama 30, na betri yetu ni ya volti 12. Lazima kontrola iwe MPPT hasa, ile aina inayoshusha volti na kupandisha ampea. Hayo niliyajua kabla sijaingia dukani, na nilimwambia muuzaji kwa kinywa changu.

Akaniletea boksi limeandikwa MPPT kubwa kuliko jina la kampuni. Nikalinyanyua, jepesi kama boksi tupu la biskuti. Nikamuuliza, "Kijana, hii ya kweli?" Hata macho hakuyatoa kwenye simu. "Mzee, wewe jua samaki, umeme tuachie sisi." Wenzake wakacheka. Maduka mengine yalikuwa yanafungwa na nilikuwa na gari la Nyamisati la kuwahi, nikalipa.

Kufunga hakukunisumbua, maana karatasi yao sikuifuata. Betri kwanza, sola mwisho. Fyuzi karibu kabisa na betri. Waya mnene, wa shaba iliyopakwa bati, kwa sababu shaba tupu baharini huota ukijani ndani ya ganda na wewe hujui. Pampu ya ngama, ile ya kutoa maji yanayoingia chomboni, nikaiunga moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi yake. Karatasi inasema eti ipite kwenye kontrola, pale penye alama ya taa. Yaani betri ikishuka usiku kontrola izime pampu, boti ijae maji! Aliyeandika hajawahi kulala na chombo nangani.

Sasa saa sita mchana, mbingu nyeupe, kivuli hakuna. Nikabana mita kwenye waya wa betri: ampea nane. Kesho yake, nane. Nane mara volti 13 ni wati 104. Zaidi ya nusu ya sola niliyoilipia inaliwa na hewa. Fundi wetu akafungua mfuniko. Ndani hamna koili, ule waya wa shaba uliozungushwa. Hamna kabisa! MPPT isiyo na koili ya kushushia volti ni PWM iliyobandikwa stika, yaani kontrola ya kawaida inayounga sola na betri moja kwa moja, volti za ziada zikapotea bure.

Nikapiga simu, akapokea yule yule. "Mali ikishauzwa hairudishwi, imeandikwa ukutani." Nikamwambia nilichoomba sicho nilichopewa. Akajibu labda jua la huko kwetu ni dogo. Jua la Mafia, dogo!

Haki yake niiseme: kama PWM, kifaa si kibaya. Betri haichemki, na ikijaa chaji inakatwa. Mdogo wangu kaifunga kwenye mashua yake na sola ndogo ya seli 36, ambayo volti zake ni kama 18 tu, na taa zinakwenda mpaka alfajiri. Ingeuzwa kwa jina lake ningeipa nyota tatu bila kinyongo. Lakini kila nikikumbuka "wewe jua samaki" naona tatu nyingi. Mbili. Na kwa wale waliokuwa wanacheka, moja.

Ya sasa nimenunua kwa mtu mwingine, bei mara nne, nzito, na alinifungulia mwenyewe nikaiona koili kabla sijatoa hela. Adhuhuri inapanda mpaka ampea 15, friji ya samaki haizimwi tena. Yule wa kwanza akinirudishia pesa, hata nusu, nitayabadilisha haya maneno. Namba yangu anayo.