Oveni ya Makaa ya Kamukunji kwa Anayeanza Biashara ya Keki Nyumbani

Anayetaka kuuza keki akiwa nyumbani kwake jijini Nairobi hukutana na swali la oveni kabla ya swali lingine lolote, kwa sababu bakuli, mizani na hata mashine ya kupigia mayai huweza kuazimwa kwa jirani, lakini oveni haiazimwi. Kuna ya umeme inayowekwa mezani, kuna ya gesi iliyoungana na jiko, na kuna ya makaa inayotengenezwa na mafundi wa jua kali, wale wa karakana za wazi, katika soko la Kamukunji. Hii ya mwisho nimeokea keki za wateja kwa muda wa kutosha kuijua tabia yake, na ninaiona kuwa kifaa bora kuliko inavyosemwa, mradi mnunuzi awe na uani na awe radhi kujifunza moto.

Kamukunji hakuna bei iliyobandikwa. Mnunuzi hupita kati ya masanduku ya bati, makarai na majiko, nyundo zikilia pande zote hadi watu wanalazimika kupaaza sauti ndipo wasikizane, na bei ya kwanza anayotajiwa huwa ni ya kuanzia mazungumzo tu. Oveni yangu ni ya rafu mbili, inaingiza tini nne za keki ya kilo moja kwa mkupuo, nami niliilipia shilingi 13,500 pamoja na trei zake, baada ya fundi kuanzia elfu kumi na nane. "Mama, hii ni geji kumi na nane, utaizeekea," aliniambia. Njia rahisi ya kuyapima maneno kama hayo ni kubonyeza ubavu wa oveni kwa kidole gumba: bati jembamba hubonyea na kurudi kwa mlio, lakini bati zito halitikisiki. Wanaokagua geji, kipimo cha unene wa bati, wakumbuke pia kwamba hesabu yake huenda kinyume, yaani geji 18 ni nene kuliko geji 28 ya mabati ya kuezekea nyumba.

Hata hivyo, unene wa bati si kitu ukilinganisha na kile kisichoonekana, yaani nafasi iliyo kati ya bati la ndani na bati la nje. Oveni iliyotengenezwa vizuri hujazwa humo sufi ya kioo, ile inayowasha mikono, na mwokaji anaweza kuugusa ubavu wake bila kuungua huku keki ikiiva ndani. Oveni ya bei rahisi huachwa na hewa tupu, au huwa na ukuta mmoja tu, hivyo joto lote humwendea aliyesimama karibu, na makaa huisha ilhali keki ingali mbichi katikati. Jiko la makaa lenye bitana ya udongo, lililoenea majumbani tangu miaka ya 1980, lilipatia umaarufu wake mikononi mwa mafundi wa Kamukunji, nalo hupunguza makaa kwa kanuni hiyo hiyo ya kulizuia joto lisipotee ovyo. Inashangaza basi kwamba mahali pale pale bado panauzwa oveni zenye ukuta mmoja, na kwamba muuzaji hataji tofauti hiyo mpaka aulizwe.

Jambo jingine la kukagua ni droo za makaa, ya chini na ya juu. Bati lililopakwa zinki hung'aa na kupendeza macho, lakini zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 hivi za selisiasi, na makaa yaliyokolea hulipita joto hilo bila shida. Droo ya namna hiyo huweza kutoa moshi mweupe, na huo si moshi wa kukaribishwa kwenye chakula cha mteja. Droo ziwe za chuma cheusi, kisichopakwa zinki. Muulize fundi pia kama bati limetoka kwenye pipa kuukuu, na pipa hilo lilikuwa na nini kabla halijakatwa. Hata iliyo mpya kabisa inafaa kuwashwa ikiwa tupu, nje, kwa saa moja au mbili, ili rangi ya fedha na mafuta yaliyobaki kwenye chuma yaungue yaishe.

Katika kuoka kwenyewe, malalamiko ya kawaida dhidi ya oveni hii ni kwamba huunguza chini na kuacha juu kukiwa kweupe. Malalamiko hayo ni ya kweli kwa anayejaza droo ya chini na kusubiri. Makaa huwashwa kwanza kwenye jiko la kawaida hadi yashike majivu ya kijivu, kisha machache huenezwa kwenye droo ya chini, yakiwa mengi pembeni kuliko katikati, ili yasikae moja kwa moja chini ya tini. Droo ya juu huachwa na makaa kidogo tu mwanzoni, kwa kuwa joto kali la juu hutengeneza ganda kabla keki haijamaliza kuumuka, na keki inayoendelea kusukuma kutoka ndani hulipasua ganda hilo. Keki ikishainuka na kusimama, ndipo makaa ya juu huongezwa ili iive rangi. Tini za rafu ya chini na za rafu ya juu hubadilishana nafasi wakati huo huo, wala si kabla, kwa sababu kuufungua mlango mapema ni kuialika keki ibonyee.

Oveni hii haina kidhibiti joto. Kipimajoto kinachobandikwa mlangoni, pale kinapokuwepo, hupima joto la mlango, wala hakijui lolote kuhusu rafu iliyo nyuma yake. Kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani, kinachopatikana katika maduka ya vifaa vya keki katikati ya jiji, ndicho kilichonifaa: nikiona kimetulia kati ya nyuzi 170 na 180 naingiza keki, kikianza kushuka naongeza kipande kimoja au viwili vya makaa yaliyokwisha kushika moto. Makaa mabichi, hasa ya msimu wa mvua, hupasuka na kurusha cheche, na moshi wake huacha harufu kwenye keki ya vanila ambayo hakuna aisingi ya kuificha.

Kuna kosa moja ambalo oveni hii hulaumiwa bila hatia. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka hapa kwenye nyuzi 94 au zaidi kidogo, si 100. Hewa ikiwa nyepesi, beking pauda huinua keki kwa haraka kuliko ilivyokusudiwa na aliyeandika vipimo vyake huko Mombasa au Uingereza, kisha keki huanguka katikati kabla kuta zake hazijakauka. Maji nayo hukauka upesi, na keki hutoka ikiwa na makombo. Vipimo vilevile vikiokwa kwenye oveni ya umeme mtaa huu huu, keki itabonyea vivyo hivyo. Mimi hupunguza beking pauda kwa takriban robo, huongeza vijiko viwili vya maziwa kwa kila keki ya kilo, na huweka bakuli la maji kwenye rafu ya chini, kwa maana milango ya Kamukunji haifungi kikamilifu na huvujisha mvuke.

Kuhusu gharama, oveni ya umeme ya wati 2,000 hula uniti zisizozidi 2 kwa saa, kiasi ambacho si cha kutisha kwa keki moja. Shida huanza pale oda zinapoongezeka, kwa sababu nyumba inayotumia zaidi ya uniti 100 kwa mwezi huingia katika kiwango cha juu cha bei ya umeme wa nyumbani, na hapo hata taa na pasi hulipiwa bei hiyo. Umeme ukipotea Ijumaa usiku, nao mteja anahitaji keki ya mahafali Jumamosi asubuhi, oveni ya makaa haitoi visingizio. Lakini makaa yanunuliwe kwa gunia. Anayenunua kwa mkebe kila anapopata oda atajikuta amemlipa muuza makaa faida yake yote.

Kwa wanaoishi kwenye ghorofa, kifaa hiki nisingewashauri kamwe, hata mwenye nyumba akikubali. Makaa yanayowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na bomba dogo la moshi lililochomelewa juu ya oveni haliiondoi gesi hiyo chumbani. Mahali pake ni uani, chini ya paa lililo wazi pande zote. Jambo hili lina umuhimu hata kwa anayetafuta vibali: pamoja na kibali cha biashara cha kaunti, mwokaji huhitaji cheti cha afya cha wahudumu wa chakula, kinachohuishwa kila baada ya miezi 6, na afisa wa afya ya umma akija kukagua, masizi ukutani hayatamfurahisha. Kuchanganya na kupamba nafanyia jikoni ndani. Nje ni kuoka tu.

Kwa keki tano au sita za mwisho wa wiki, oveni inatosha na kubaki. Oda zikifika kumi kwa siku, mwokaji huhitaji mtu wa kusimama motoni huku yeye akipamba, na mshahara wa mtu huyo ndio ungeanza kulipia oveni ya gesi. Kasoro nyingine ni za kawaida kwa kazi ya mkono. Mlango wa yangu ulipinda upande wa bawaba kwa sababu ya joto, na fundi aliyeiunda alinizungusha kwa ahadi za kesho na keshokutwa kabla hajaunyoosha. Hakunitoza kitu, lakini pia hakuwahi kuniandikia risiti, kwa hiyo dhamana yangu ilikuwa neno lake. Wavu wa droo ya chini ndio unaoisha kwanza, kwani ndio unaobeba moto wote. Anayenunua aombe wavu wa pili siku hiyo hiyo, wakati bei ingali inazungumzwa na pesa bado haijatumwa kwa M-Pesa.