Uzoefu wangu na fundi aliyebandika vigae juu ya rangi ya mafuta

Nimechelewa kuandika haya kwa makusudi, kwa sababu wiki zile za mwanzo nisingeweza kuandika bila kutukana, na hata leo nikiingia bafuni na kuuona ule ukuta, hasira hunipanda upya.

Kazi niliyoagiza ilikuwa ya kawaida: kuta za zamani za bafu ziandaliwe, kisha zibandikwe vigae. Zilikuwa zimepakwa rangi ya mafuta ya kijani, tabaka juu ya tabaka, na ukipitisha kiganja kinateleza kama juu ya sahani. Siku ya kwanza nilimwuliza fundi, kwa adabu kabisa, kama rangi ile haitatolewa kwanza, au angalau ukuta uchongwechongwe ili gundi ipate pa kushika. Hakuinua hata kichwa kutoka kwenye ndoo aliyokuwa akikoroga. "Mama, wewe leta vigae. Ukuta niachie mimi." Wasaidizi wake wakacheka. Nikanyamaza, na kunyamaza huko ninakujutia kuliko fedha yote niliyolipa.

Kwa haki, kazi ilipokwisha ilipendeza macho. Mistari ilinyooka, pembe zilikutana vizuri, na kila mgeni aliyeingia alisifu. Kama ningeandika wakati ule, ningemsifu fundi yule bila kusita.

Miezi michache baadaye kigae kimoja karibu na bomba la mvua kilianguka usiku, na asubuhi nikakiokota na kukigeuza. Gundi yote ilikuwa imekuja nacho, na juu ya gundi hiyo kulikuwa na ngozi nyembamba ya rangi ya kijani, imebanduka nzima bila hata ufa. Kwa hiyo gundi haikuwa na kosa: iliishika rangi barabara, na rangi ndiyo iliyouachia ukuta. Nilipokitazama kwa ubavuni niliona vijia vitupu kati ya mistari iliyoachwa na mwiko wa meno, kwa kuwa kigae kiligusishwa tu, hakikukandamizwa mpaka gundi ijae nyuma yake, na ndani ya vijia hivyo kulikuwa na maji. Ukutani, pale alipoziba mashimo ya zamani kwa jasi, ukucha wangu ulizama kama kwenye mkate uliolowa. Jasi, katika sehemu ya kuogea!

Nilimpigia simu. Hakuuliza ni kigae gani wala ni ukuta upi. Alisema, "Mama, mnatumia maji mengi," kisha akakata. Nimelirudia neno hilo moyoni mara nyingi mno. Mtu aliyelipwa kutengeneza bafu ananilaumu kwa kuoga!

Fundi wa pili, kijana mpole, alipita akigonga kila kigae kwa mpini wa bisibisi na kutia alama ya chaki kwenye kila kilicholia utupu. Kabla hajafika nusu ya ukuta, alama zilikuwa nyingi kuliko vigae vizima. Ndiye aliyenieleza jambo ambalo yule wa kwanza hakulitaja hata mara moja, kwamba vigae na grauti, yaani ule mchanganyiko wa kujazia mianya kati ya vigae, peke yake si kinga ya maji, kwa sababu grauti ya saruji hupitisha unyevu. Hivyo sehemu ya kuogea hupakwa kizuia maji, kwa kawaida tabaka 2, na pembe pamoja na matundu ya mabomba hufungwa kwa utepe wake, kabla kigae cha kwanza hakijapanda. Alinyunyizia maji sehemu iliyobaki na rangi, yakasimama matone bila kunywewa, akasema ukuta usiokunywa maji namna hiyo hautashika gundi. Aliweka pia ubao mnyoofu wa mita 2 ili kuona mabonde, na akataka lipu mpya ya saruji iachwe ikomae, hata siku 28 ikibidi, badala ya kuikimbilia.

Nilikuwa nimekusudia kumalizia kwa kusema kwamba yule fundi wa kwanza anaweza kuitwa kwa kazi ya sakafu ya sebuleni, maana mkono wake katika kupanga ni mzuri, na hilo silikani. Lakini kila nikiikumbuka simu ile, nalifuta. Mtu asiyetaka kuulizwa habari za ukuta hatataka kuulizwa habari za sakafu. Msimwite.

Ukuta wangu sasa uko wazi mpaka kwenye tofali kwa upande mmoja, na upande wa pili lipu bado ni mbichi. Vigae vipya nimevichagua, lakini viko dukani, na sitavileta nyumbani mpaka nipitishe kiganja ukutani nikute kinakwaruzwa.